Nani Aliuliza Jina Lako?

Mlangoni mwa jumba moja la ofisi mjini Migori kuna daftari kubwa la jalada jeusi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na mtu. Safu zake zimepigwa kwa rula: jina, namba ya kitambulisho, simu, unakotoka, unamwona nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Nilipofika kwenye safu ya simu nikasita. Askari wa zamu, kijana mpole, akaniambia, "Jaza zote, mkubwa. Ukiacha, mimi ndiye nitakayeulizwa." Nikajaza. Mstari wa juu yangu ulikuwa na jina la mama ninayemfahamu, simu yake, namba ya kitambulisho chake, na kwenye safu ya anayemwona ameandika "wakili". Sikuwa na haja ya kujua kwamba mama yule anatafuta wakili. Sasa ninajua, na kila aliyejaza baada yetu siku ile anajua.

Askari alihitaji neno moja tu: mgeni huyu anatarajiwa humu ndani, ndiyo au la. Kwa ajili ya "ndiyo" moja tulimwachia vitu vinane. Daftari lile limenikaa moyoni kwa sababu kuna tawi la hisabati linalosema kwamba hayo yote hayakuwa ya lazima. Linasema mtu anaweza kuthibitisha neno moja, neno hilo likakubalika bila shaka, na aliyeuliza asipate hata punje zaidi ya aliyouliza. Kwa Kiswahili naona tuliite ithibati isiyofichua. Wengi wamelisikia likitajwa pamoja na sarafu za kidijitali na blokucheni, wakalipita kama mambo ya vijana wa Nairobi. Naamini linatuhusu zaidi sisi wa huku kando ya Ziwa Victoria. Kwanza twende Homa Bay, karibu na gati.

Tuseme kuna mama anayeuza omena pale. Mbele yake pana mabeseni mawili. Moja lina omena wa kisiwa cha Mfangano, jingine lina omena waliovuka kutoka upande wa Uganda. Kwa macho ni wale wale, wadogo, wa rangi ya fedha, wamekaushwa juani hadi wanalia ukiwakamata. Mama anadai kwamba akitia mkono tu anajua wametoka wapi. Wewe huamini. Naye hataki kukueleza anajuaje, maana ujuzi ule ndio unaomlipia karo za watoto. Akiusema leo, kesho wenzake wa meza za jirani watakuwa nao.

Basi mnafanya hivi. Anajifunga leso machoni. Wewe unarusha shilingi kumi. Ikianguka upande wa simba unabadilisha mabeseni, ikianguka upande wa pili unayaacha yalivyo. Kisha unamwuliza: nimebadilisha au sijabadilisha? Anatia mkono, anajibu. Akipatia mara moja si kitu, hata mimi nikibahatisha nitapatia nusu ya mara zote. Akipatia mara kumi mfululizo, mbahatishaji angefanya hivyo mara moja tu katika 1,024. Akipatia mara ishirini, ni mara moja katika 1,048,576. Ukiendelea kubisha hapo, unabisha kwa kupenda kubisha. Umeridhika kwamba anajua, na bado hujui kama ni harufu, ni chumvi, ni ukavu wa kichwa cha samaki au ni kitu gani. Unaondoka na gorogoro yako ya omena, na siri yake inabaki kwake.

Kuna jambo la ndani zaidi katika mchezo huu. Mpwa wako akifika jioni ukamsimulia yote, yeye halazimiki kuamini. Anaweza kusema wewe na mama yule mlikubaliana tangu mwanzo mabeseni yabadilishwe lini. Hata ungemwonyesha video, video hiyo ingeweza kupangwa. Ithibati ile ilimshibisha yule aliyeishika sarafu mwenyewe, na si mwingine.

Hivyo ndivyo walivyoanza wavumbuzi wa jambo hili. Mwaka 1985 Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walitoa andiko lililopima kitu ambacho hakuna aliyewahi kukipima: katika kuthibitisha jambo, ni maarifa kiasi gani yanayomvuja mwenye kuthibitisha. Wakaonyesha kwamba kiasi hicho kinaweza kuwa sufuri. Goldwasser na Micali walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2012. Lakini ithibati yao ilihitaji watu wawili wanaojibizana, kama wewe na mama omena. Haikuweza kuandikwa mara moja ikasomwa na yeyote.

Mwaka 1986 Amos Fiat na Adi Shamir wakapata dawa ya hilo. Anayejua kinu cha posho ataielewa upesi. Ukipeleka mahindi kinuni unapata unga, na unga haurudi kuwa mahindi. Katika kompyuta kuna kinu kama hicho: unatia maandishi yoyote, kinatoa namba ndefu, na hakuna awezaye kuibashiri namba hiyo kabla ya kusaga. Badilisha herufi moja, unga wote unakuwa mwingine. Fiat na Shamir walisema, badala ya kumtafuta mtu wa kurusha sarafu, kinu ndicho kirushe. Mwenye kuthibitisha anasaga maneno yake mwenyewe, na namba inayotoka ndiyo inayomwamuru afanye nini. Hawezi kupanga matokeo, kwa kuwa kinu hakipangiki. Kuanzia hapo ithibati ikawa kitu cha kuandikwa, kutumwa na kukaguliwa na mtu ambaye hakuwepo.

Hapo ndipo blokucheni inapoingia. Mtu wa chama hahitaji somo refu. Chukua daftari la chama, kisha sema kila mwanachama ana nakala yake, na hakuna nakala iliyo bosi wa nyingine. Kila ukurasa mpya unabeba unga wa ukurasa uliotangulia, hivyo anayefuta tarakimu ya mwezi uliopita anaharibu kurasa zote zilizofuata, na nakala za wenzake zinamsuta. Bitcoin ilianza hivyo Januari 2009. Ni uvumbuzi mkubwa dhidi ya mweka hazina mdanganyifu, nasi kila kijiji tumewahi kuwa na mmoja. Lakini gharama yake ni kwamba kila kitu kinasomwa na kila mtu, milele. Katika chama cha kweli, mama akikopa kwa ajili ya mazishi, wanaosikia ni wenzake ishirini waliokaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe. Katika blokucheni ya wazi anayesikia ni dunia nzima. Jina linaweza kufichwa nyuma ya namba, ila mtu akishaijua namba yako siku moja, anayasoma yote ya nyuma na yote yajayo.

Kwa hiyo vitu hivi viwili vilikuwa vikitafutana. Oktoba 2016 sarafu iitwayo Zcash ilianza kazi ikiwa na ithibati isiyofichua ndani yake: daftari linaweza kuthibitisha kwamba aliyelipa alikuwa na pesa na hakuzitumia mara mbili, bila kuandika nani, kwa nani, wala kiasi gani. Mwaka huo huo mtaalamu wa Denmark, Jens Groth, alichapisha mbinu ya kutengeneza ithibati isiyozidi baiti 200 hata kama jambo linalothibitishwa ni kubwa namna gani. SMS moja inabeba baiti 140. Maana yake ithibati nzima inaingia katika SMS mbili. Kwa watu wa visiwani wanaosubiri mtandao hadi wapande mlimani, huo si udogo wa kudharau.

Mwaka 2023 hisabati hii ilivuma Kenya kwa mlango ambao wengi hawakuutarajia, mlango wa macho. Mradi wa Worldcoin, ulioanzishwa na Sam Altman na Alex Blania, ulizinduliwa duniani tarehe 24 Julai mwaka huo, na Nairobi watu wakapanga foleni hadi jumba la mikutano la KICC kusimama mbele ya tufe linalong'aa na kupigwa picha ya jicho. Kila mmoja aliahidiwa sarafu zilizokuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Tarehe 2 Agosti serikali ikausimamisha. Kufikia hapo Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wameshatoa macho yao.

Lisilosemwa sana katika kelele za wiki ile ni kwamba nyuma ya tufe kulikuwa na ithibati isiyofichua, na ilikuwa imetengenezwa vizuri. Jicho linageuzwa namba, mwenyewe anapata ufunguo wa siri katika simu, na alama ya ufunguo huo inawekwa kwenye orodha ya blokucheni. Siku akitaka kuingia mahali panapodai binadamu wa kweli, simu yake inatoa ithibati: mimi ni mmoja wa walio katika orodha ile, sisemi yupi. Pamoja nayo inatoka alama ya mara moja, kama wino wa kidole siku ya kura, ili asiingie mahali pale pale mara mbili. Alama ya mahali hapa haifanani na ya mahali pale, hivyo hakuna wa kuziunganisha. Mfumo huo unaitwa Semaphore, nao ulitoka katika jamii ya wahandisi wa Ethereum.

Ni kazi safi. Lakini ithibati inalinda kuanzia pale orodha inapokuwa imekwisha kuandikwa. Haisemi lolote kuhusu foleni ya KICC, kuhusu kijana aliyetoa jicho kwa sababu ya kodi ya nyumba iliyochelewa, wala kuhusu picha ile ilikwenda wapi kabla ya kugeuzwa namba. Tarehe 5 Mei 2025, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamua kwamba data zile zilikusanywa kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, bila tathmini ya athari inayotakiwa na sheria, na kwamba ridhaa iliyovutwa kwa zawadi haikuwa ridhaa. Akaamuru zifutwe ndani ya siku saba, Kamishna wa Data akisimamia. Kesi hiyo ilipelekwa na Taasisi ya Katiba pamoja na wenzake. Sidhani kama jaji aliipinga hisabati. Alirudi nyuma ya hisabati, mlangoni, akauliza nani alipewa haki ya kuuliza.

Sasa nije kwetu. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, ya juu kuliko kaunti zote, na Migori nayo ilikuwa juu sana ya wastani wa taifa. Nyuma ya namba hizo kuna maisha ya kujificha ambayo wenyeji tunayajua. Kuna mikebe ya vidonge inayopiga kelele kama kayamba ndani ya mkoba, hadi mtu anatia pamba ndani ndipo apande matatu. Kuna mtu anayepita kituo cha afya cha kijijini kwake akaenda cha mbali, kwa nauli ya ziada, ili asionekane ameketi kwenye benchi la CCC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Herufi hizo tatu mlangoni zinatosha. Hakuna haja ya faili wala kompyuta. Benchi lenyewe limeshasema.

Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wote wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wanaoishi na virusi hivyo. Nia iliyotajwa ilikuwa nzuri, kupanga dawa na chakula. Lakini fomu zilizoandaliwa zilitaka majina. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba kukusanya hivyo kulivunja haki ya faragha. Akaipa serikali siku 45 kuyageuza majina hayo kuwa misimbo, yasiunganishwe tena na hali ya mtu.

Kila ninapofikiria hukumu ile naona kwamba ithibati isiyofichua ingekuwa na kazi ya kweli hapa. Daktari anahitaji faili zima na lazima alipate. Hatuwezi kutibu mtu kwa kitendawili. Lakini watu wengi wanaodai majina si madaktari. Ni wa mahesabu. Mfadhili anataka kujua kama dawa alizolipia zilimezwa na watu au zilimezwa na karatasi. Tunao msamiati wa jambo hilo, tunasema wafanyakazi hewa, wanafunzi hewa, na kliniki nazo zinaweza kuwa na wagonjwa hewa. Hofu yake ni ya haki. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, wenye kubaki na pesa wanabana macho zaidi, na kila shilingi inadaiwa ushahidi. Njia ya zamani ya kumridhisha ni kumpa orodha. Njia mpya ni kila mgonjwa, anapochukua dawa, ufunguo wake kutoa ithibati kwamba yeye ni mmoja wa waliosajiliwa, pamoja na ile alama ya mara moja ya mwezi huo. Mwisho wa mwezi daftari la wazi linaonyesha, tuseme, alama 412 tofauti. Mfadhili aliye Geneva anazihesabu mwenyewe, mkaguzi wa kaunti anazihesabu, mwandishi wa habari anazihesabu. Hakuna aliyeona jina, na hakuna aliyeweza kumhesabu mtu mmoja mara mbili.

Naliona jambo hilo ni zuri na ninalitaka. Ndiyo sababu sitaki lije kwa pupa.

Kwanza, simu. Kukagua ithibati ni rahisi, kuitengeneza ni kazi nzito, na simu ya vitufe, kabambe, haiwezi. Basi ufunguo utakaa katika kompyuta ya kliniki, na anayekaa na ufunguo wako ndiye wewe. Au utakaa katika simu ya nyumbani, ambayo mara nyingi ni ya mume.

Pili, uficho wa kundi unategemea ukubwa wa kundi. Kusema "mimi ni mmoja wao" kunaficha pale ambapo wao ni elfu kumi. Twende kisiwa cha Remba, mwamba mdogo uliojaa vibanda vya mabati, ambako kila mtu anamjua kila mtu. Ikiwa walio kwenye mpango fulani pale ni sita, na ithibati imetoka alfajiri saa ambayo boti moja tu ilitia nanga, hisabati imekuwa timamu na siri imetoka. Wavuvi wa omena huhama wakifuata giza la mwezi, wanavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikija wanapumzika. Atakayebuni mfumo bila kuijua ratiba hiyo ataacha alama zinazosomeka kama nyayo mchangani.

Tatu, panapofichwa ukweli pia hufichika udanganyifu. Mwaka 2018 mtaalamu Ariel Gabizon aligundua kasoro katika hisabati ya Zcash ambayo ingemwezesha mtu kutengeneza sarafu bandia bila kikomo na bila kuonekana. Iliripotiwa hadharani baada ya kurekebishwa, Februari 2019. Wajuzi wakubwa wa dunia walikuwa wameitazama kwa miaka.

Lakini hofu yangu kubwa si mojawapo ya hizo. Hisabati inaficha jibu, haizuii swali. Kuthibitisha kukiwa rahisi, kila mtu atataka kuthibitishiwa. Leo mwajiri wa Rongo au Awendo anayetaka kujua hali ya VVU ya kijana anayemwajiri angelazimika kumdai cheti, na aibu ya kudai cheti humzuia kidogo. Kesho atasema, "Sitaki cheti wala jina la hospitali, bonyeza tu simu inipe ndiyo au la." Ithibati itakuwa isiyofichua kabisa, baiti 200, na yule asiyebonyeza ameshajieleza. Sheria ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006, kifungu cha 13, inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi, ndoa, shule, matibabu au bima. Iliandikwa wakati wa karatasi. Walioiandika walielewa kwamba kuna maswali ambayo kuyauliza tu ni kumvua mtu nguo.

Katiba ya 2010 inalisema vilevile katika kifungu cha 31. Inampa kila mtu haki ya kutodaiwa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi pasipo haja, na haki ya habari hizo kutofichuliwa pasipo haja. Kudaiwa na kufichuliwa. Wahandisi wanashughulikia kufichuliwa, na wameshughulikia vizuri ajabu. Kudaiwa kumebaki mikononi mwa madiwani, wakurugenzi wa afya, wafadhili, na yule aliyechora safu za daftari la mlangoni.

Basi kabla ya kaunti yoyote ya huku kutia sahihi mkataba wa mfumo wa namna hii, ningeomba kitu kimoja kisichohitaji kompyuta. Iandikwe orodha ya kila swali ambalo mfumo huo utamuuliza mtu, na mbele ya kila swali jina la ofisi inayolihitaji na sababu yake. Ofisi isiyo na sababu, swali lake lifutwe. Itatosha karatasi moja, nayo ibandikwe ukutani penye foleni, kwa Kidholuo, Kikuria, Kisuba na Kiswahili, juu kidogo ya benchi, mahali ambapo mtu anayesubiri anaweza kuisoma bila kusimama.